Daladala ya miguu: jinsi ya kuwapeleka watoto shule bila bodaboda

Nimeendesha daladala ya Mbagala–Kariakoo miaka 19. Sasa nimestaafu, nina daladala nyingine isiyokunywa mafuta: watoto tisa, wawili wajukuu zangu, saba wa majirani. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu, saa moja haijagonga tuko getini. Ukitaka kuanzisha ya mtaani kwenu, fanya hivi.

Kwanza ipite njia peke yako, asubuhi ya siku ya shule, siyo Jumapili. Halafu chuchumaa. Ndiyo, chuchumaa pembeni mwa barabara, watu wakushangae. Mimi nilichuchumaa nyuma ya Fuso lililoegeshwa karibu na duka la mabati, barabara nzima ikapotea, nikabaki naangalia matairi. Na ya upande wa pili nayajua: ukiwa kwenye usukani wa Coaster, mtoto wa darasa la pili aliyesimama kwenye bampa humwoni hata utosi. Ndiyo maana sisi hatuvuki katikati ya magari yaliyoegeshwa. Tunaongeza hatua hamsini, basi.

Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembeeni kulia. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo mkiwa kulia mnaonana nayo uso kwa uso. Foleni ikimchosha dereva akaamua kutanua, yaani kupita pembeni nje ya lami (nimetanua sana, Mungu anisamehe), mtoto amwone anakuja, asishtukie honi mgongoni.

Barabara ya Kilwa ina somo lake. Tangu iwekwe njia ya mwendokasi katikati, ile si barabara moja tena, ni tatu. Vuka ya magari, simama. Vuka ya mwendokasi, simama. Kisha ya magari tena. Ya katikati ndiyo mtego: magari pembeni yamebanana, pale pako tupu kama uwanja wa mpira, mtoto anachomoka mbio. Basi linaweza kutoka upande wowote, kwa hiyo tunaangalia kote kuwili. Tunavuka kwenye zebra tu, nami nanyoosha mkono hadi gari lisimame kabisa. Dereva aliyepunguza mwendo bado hajasimama.

Watoto wenyewe usiwahubirie afya. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto auchangamshe mwili dakika 60 kwa siku. Hiyo mwambie mama yake. Mtoto mwambie kesho yeye ndiye konda. Konda anakaa nyuma, anahesabu vichwa, na anagonga begi la aliye mbele yake kama tulivyogonga bati: mara moja simama, mara mbili twende. Zamu nimeziandika ukutani kwa mkaa. Mjukuu wangu aliyekuwa akililia bodaboda, siku moja kabla ya ukonda wake analala amevaa soksi.

Wazazi ni wagumu kuliko watoto. Kuna waliokwisha kulipia mshikaki wa mwezi mzima, watoto watatu nyuma ya dereva mmoja, kofia ngumu hakuna. Usibishane nao. Waombe Ijumaa tu. Mimi nilianza na watoto wanne wa Ijumaa. Hao wengine waliletwa na wivu.

Kuchelewa hakuna. Nasubiri dakika mbili kila kituo, aliyebaki anakunywa chai ataletwa na mama yake.

Masika, miguuni kandambili, viatu vya shule ndani ya begi. Na sheria moja isiyo na mjadala: hatuvuki maji yanayotembea, hata yakiwa ya kifundoni. Mto Kizinga ukijaa, vimifereji vyote vinajifanya mito. Siku hiyo napiga simu mapema, kila mzazi anajua la kufanya.

Kurudi ndiko kunanisumbua, kwa sababu darasa la kwanza wanatoka mapema kuliko wakubwa. Kwa sasa wanakaa kwenye benchi la fundi viatu jirani na geti, mtu tunayemfahamu sote, mpaka nifike. Hataki hela; wazazi tumekubaliana viatu vya watoto vishonwe kwake. Hadi leo wamempotezea sindano mbili na kopo la rangi nyeusi.