Soma Mita Mwenyewe: Kwa Watu wa Moshi na Arusha Wanaoendesha Nyumba Uingereza

Mtu aliyekulia kwenye LUKU anapoingia katika nyumba ya kupanga Uingereza, anabadilishiwa utaratibu mzima wa kulipia nishati bila mtu yeyote kumweleza. Nyumbani, uwe Majengo au Njiro, unanunua umeme kwanza, unaingiza tarakimu 20 kwenye mita, na yuniti zikiisha taa zinazimika; huwezi kutumia yuniti ambayo hujailipia. Kule unatumia kwanza, kampuni inakadiria ulichotumia, kisha inachukua fedha yenyewe benki kwa ruhusa uliyoitoa mara moja siku ya kuhamia. Mimi nimekwisha kurudi Moshi, na kila Desemba vijana wanaokuja likizo kutoka huko hunieleza shida ileile: mshahara si mbaya, matumizi si ya anasa, lakini akiba haikai. Kabla hawajaanza kutafuta kazi ya pili ya usiku, huwauliza swali moja: mara ya mwisho ulisoma mita yako lini?

Hatua za kawaida hazihitaji maelezo marefu. Siku unayopokea funguo, piga picha ya mita ya umeme na ya gesi, uitume kwa kampuni inayohudumia nyumba hiyo pamoja na jina lako. Baada ya hapo soma mita kila mwezi kwa tarehe ileile, tuma tarakimu, hifadhi picha. Kazi hiyo ni ya dakika 10. Hata kama mita yako ni ya kisasa inayotuma usomaji yenyewe, bado itazame, kwa maana zipo zinazoacha kutuma na mteja akaendelea kuamini kwamba zinafanya kazi.

Mtego wenyewe uko katika makadirio. Kampuni iliyokuwa ikihudumia nyumba yetu ilipokea usomaji nilioutuma siku ya kuhamia, ikanithibitishia kwa barua pepe kwamba imeupata, kisha haikuutumia. Badala yake iliendelea kukadiria kwa kufuata matumizi ya mpangaji aliyetutangulia, ambaye aliishi peke yake, ilhali sisi tulikuwa familia yenye mtoto mchanga na tulipasha nyumba joto tangu Oktoba hadi Aprili. Kila mwezi kilikatwa kiasi kilekile, kidogo na cha kutuliza moyo, na kila ankara ilionyesha kwamba hatudaiwi. Zaidi ya mwaka mmoja ulipopita, msomaji wa mita alifika, akaandika tarakimu zake, akaondoka. Haukupita muda mrefu ikaja ankara moja ya kurekebisha hesabu yote, yenye deni lililokaribia nauli ya ndege ya kuja KIA na kurudi. Barua iyo hiyo ilitangaza kwamba makato ya kila mwezi yangepanda hadi karibu mara mbili, ili deni na matumizi mapya yalipwe kwa pamoja, na tarehe ya kuanza ilikuwa imekwisha kupangwa. Januari hiyo ada ya shule niliyokuwa nikiituma Moshi ilichelewa, na nyumbani hakuna aliyeelewa inawezekanaje mtu mwenye kazi Uingereza akwamishwe na bili ya gesi.

Kwa hiyo nasema, na nitasema tena kabla sijamaliza: makato yasiyobadilika si ushahidi kwamba umelipia ulichotumia. Ankara ya kule ina safu ya usomaji wa mita, na kando ya tarakimu hizo huwekwa neno "estimated" au herufi E pale ambapo hakuna aliyesoma. Ukiiona alama hiyo, ujue kwamba ulichopewa ni makisio, hata kama hesabu imeandikwa hadi peni ya mwisho. Ukiiona mara mbili mfululizo, usisubiri ya tatu. Nenda kwenye mita siku hiyohiyo. Makisio yakiwa ya chini, deni linakua bila wewe kuliona. Yakiwa ya juu, unaikopesha kampuni fedha zako bila riba, na huenda mwezi huohuo wewe mwenyewe unanunua chakula kwa kadi ya mkopo yenye riba kubwa. Njia zote mbili zinakula akiba.

Gesi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, na hapa ndipo sisi wa Kaskazini mwa Tanzania tunapokosa mazoea kabisa. Kwetu gesi ni mtungi wa jikoni unaoletwa na bodaboda, uzito wake unajulikana, na ukiisha unaisha. Hata baridi ya Julai inayowavika makoti watu wa Ngaramtoni na Sakina haitudai kuwasha chochote ndani ya nyumba isipokuwa jiko la kupikia. Katika nyumba nyingi za kule gesi inaingia kwa bomba, inachemsha maji ya kuoga na kupasha joto vyumba vyote, kwa hiyo matumizi ya Januari huwa makubwa mara kadhaa kuliko ya Julai. Kampuni hukisia matumizi ya mwaka mzima, huyagawanya kwa miezi 12, na kukata kiasi kimoja. Maana yake ni kwamba ziada unayoiona kwenye akaunti yako Septemba si fedha ya kufurahia, kwa sababu itamezwa na baridi. Lakini ziada kubwa iliyobaki baridi inapomalizika, mwishoni mwa Aprili, ni yako. Waandikie uiombe, ukiambatanisha usomaji wa siku hiyo, nao wanatakiwa kuirudisha isipokuwa wawe na sababu ya msingi ya kuizuia. Wasipoombwa, wengi wao hukaa nayo.

Kupunguza matumizi yenyewe kuna jambo moja linalofaa kufanywa mara moja na kuachwa. Kama boila yako, yaani mtambo wa gesi unaochemsha maji ya nyumba, ni ile isiyo na tangi la maji ya moto, maji yanayozunguka kwenye vipasha joto vya ukutani mara nyingi yamewekwa kwenye nyuzi 70 au 80. Yashushe hadi karibu 60, na boila itatumia gesi pungufu huku nyumba ikibaki na joto lake, ingawa itachukua muda mrefu kidogo kupata joto hilo. Wenye tangi wasifanye hivyo kwenye maji ya tangi, kwa kuwa yakihifadhiwa chini ya nyuzi 60 huweza kuzalisha bakteria wa hatari. Wala usizime joto kabisa kwa kubana matumizi, ukapika na kuanika nguo ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Ukungu utapanda ukutani, na mwenye nyumba atataka kukukata kwenye amana uliyoitoa ulipopanga.

Jambo jingine linalowadanganya wengi ni habari za ukomo wa bei. Tangu Januari 2019 mamlaka ya udhibiti wa nishati, Ofgem, imekuwa ikiweka ukomo kwa England, Scotland na Wales, na siku hizi hupitiwa kila baada ya miezi 3. Watu husikia kiasi cha paundi kikitangazwa kwenye taarifa ya habari wakadhani hawawezi kutozwa zaidi ya hapo kwa mwaka. Sivyo. Kiasi hicho ni mfano wa nyumba yenye matumizi ya kawaida. Kinachowekewa ukomo ni bei ya yuniti na tozo ya kila siku, ile unayolipa hata ukiwa Marangu kwa Krismasi na nyumba yako imefungwa. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi. Na kama una mkataba wa bei isiyobadilika, andika tarehe yake ya mwisho mahali utakapoiona, kwa sababu katika siku 49 za mwisho unaweza kuhamia kwingine bila kutozwa faini ya kuvunja mkataba, na ukipitisha tarehe hiyo bila kuchagua watakuingiza kwenye bei yao ya kawaida.

Sasa niseme na ndugu zetu kwa upendo. Binamu yangu aliyetupokea alinishauri kwa moyo mweupe kwamba niweke makato ya moja kwa moja, yale wanayoyaita Direct Debit, kisha nisahau. Karibu kila mgeni kutoka kwetu hupewa ushauri huohuo, na nusu yake ni sahihi: makato hayo huwa na bei nafuu kuliko kulipa kwa kila ankara, na kwa miaka mingi wenye mita za kulipia kabla, zinazofanana na LUKU yetu, walitozwa zaidi kuliko wenye makato hayo. Nusu ya pili, ile ya kusahau, ndiyo inayoangamiza. Nawaomba mlio na uzoefu msimpe mgeni ushauri huo bila kumpeleka mbele ya mita na kumwonyesha jinsi inavyosomwa. Na ninyi wazazi, shangazi na wajomba mlioko Rau, Kibosho, Tengeru na kwingineko, mtoto anapowaambia kwamba mwezi huu nyumba imemzidi, msidhani anajificha. Kule mtu anaweza kudaiwa kwa jambo ambalo hakuliona likitokea.

Waingereza wenyewe sikuwaona kuwa watu wabaya, wala sikuamini kwamba kuna aliyekaa akapanga kutuumiza. Kila niliyezungumza naye kwa simu alikuwa na adabu. Tatizo ni kwamba mfumo wao unauchukulia ukimya wa mteja kuwa ni ridhaa, na jamii yenyewe imezoea kunyamaza kuhusu fedha. Pale Mbuyuni bei ya maharage ikipanda asubuhi, hadi jioni mtaa mzima unajua nani anauza nafuu. Kule unaweza kuishi ukuta kwa ukuta na mtu kwa miaka bila kujua analipa kiasi gani kwa nyumba inayofanana na yako. Jirani yetu mzee, mtu mwema sana, hakuwahi kututajia jambo hili hadi nilipomuuliza waziwazi; ndipo akanionyesha daftari lake chini ya ngazi, lenye usomaji wa mita wa kila mwezi. Alikuwa na maarifa yote niliyoyahitaji, lakini kwa desturi yao ingekuwa utovu wa heshima kuniuliza habari za bili zangu. Naona huo ni upungufu wa jamii yao, na watu wetu wasiurithi. Mnapokutana kanisani, msikitini au kwenye vikundi vyenu vya kufa na kuzikana, tajianeni mnacholipa.

Ikiwa ankara ya kurekebisha imekwisha kufika, usikimbilie kufuta makato benki kwa hasira. Deni litabaki palepale, na kumbukumbu zako za mikopo zinaweza kuharibika. Soma kwanza tarehe zilizomo. Tangu 2018 kampuni hairuhusiwi kumdai mteja wa nyumbani nishati aliyoitumia zaidi ya miezi 12 iliyopita ambayo haikumtoza ipasavyo, isipokuwa mteja mwenyewe awe amezuia mita isisomwe au ametenda hila. Deni letu lilikuwa na sehemu ya namna hiyo, na barua ya kwanza haikuitaja kanuni hii hata kwa neno moja. Niliwaandikia, nikaambatanisha ile barua pepe ya siku ya kuhamia na picha ya mita, na sehemu hiyo ikaondolewa. Kwa iliyobaki, omba kulipa kidogo kidogo. Wanalazimika kuzingatia uwezo wako. Andika daima, usiishie kwenye simu. Wakati wangu, malalamiko yasiyotatuliwa kwa wiki 8 yalipelekwa kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, bila malipo, na uamuzi wake ukiukubali unaifunga kampuni. Kabla ya kufika huko, Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa wananchi, watakusaidia bure kuandika barua.

Yapo mengine ya kumaliza kwa jioni moja. Anayeishi peke yake ana punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri, na nyumba yenye wanafunzi wa muda wote pekee haitozwi, lakini ni lazima uombe. Bima ya gari na ya nyumba hujihuisha yenyewe. Linganisha bei kabla ya tarehe ya kuhuishwa. Mkataba wa simu ukimalizika na simu ni yako tayari, hamia kwenye laini pekee.

Wanaorudi nyumbani moja kwa moja wawe waangalifu kuliko wote, kwa sababu ankara ya mwisho huja baada ya mizigo kufika Moshi. Siku ya kukabidhi funguo soma mita zote mbili, piga picha, tuma tarakimu pamoja na anwani ya barua pepe unayoifungua. Usifunge akaunti ya benki ya kule hadi ankara hiyo ifike, uione kwamba imetumia tarakimu zako na si makadirio, na ziada yako iwe imerudishwa. Ndipo ufute ruhusa ya makato, kisha uifunge akaunti.