Kubadilisha sinki la choo kwenye nyumba ya zamani

Nimetoka kumsaidia shangazi Isamilo, kilimani jijini Mwanza. Nyumba ni ya zamani hasa: bomba zote za chuma, sinki limezikwa kwenye saruji.

Hatua ya 1. Pima kabla ya kwenda dukani: kutoka ukutani, juu ya marumaru, hadi katikati ya tundu. Angalia pia kama uchafu unatokea sakafuni au ukutani.

Hatua ya 2. Waambie watu wajaze ndoo, kisha funga maji kwenye mita. Geti valvu (koki ya kuzungusha ya kufungia maji) ya miaka hiyo usiiamini.

Hatua ya 3. Fungua koki kwa spana mbili, moja ishike bomba linalotoka ukutani. Ukitumia moja, uzi ulioliwa na kutu unakatikia ndani ya ukuta.

Hatua ya 4. Kung'oa sinki. Siku yako itaishia hapa. Mafundi wengi huja na nyundo kubwa. Mimi siitaki hata mlangoni. Mdomo wa bomba la chuma la zamani haupindi, unapasuka, na ufa hushuka chini ya sakafu. Kufukua Isamilo unakujua: ni mwamba.

Chukua nyundo ndogo na tindo nyembamba. Ziba tundu kwanza kwa tambara lililofungwa kamba, vipande visiingie na harufu isipande. Vaa miwani, vunja sinki lenyewe ukianzia mbali na tundu. Ukikaribia mdomo, weka nyundo chini, kwangua saruji kwa bisibisi. Kisha gonga bomba taratibu: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Kwangua na kutu ya ndani ndipo upime kipenyo. Bomba la inchi 4 lililojaa magamba halipokei plastiki ya milimita 110. Nunua kiungio cha mpira chenye mapezi. Wapo wanaoshindilia saruji pale. Sinki likitikisika kidogo tu inaachia, na uvujaji huuoni.

Hatua ya 5. Vuta tambara ulitoe, weka sinki jipya, tumia pimamaji, kaza skrubu kwa zamu bila papara. Kauri haina msamaha.

Hatua ya 6. Mwaga ndoo nzima kwa mkupuo, kisha pitisha karatasi kavu kuzunguka kiungio. Ikilowa, vua uanze upya. Ikibaki kavu, zungushia saruji nyeupe chini ya sinki, ila nyuma acha wazi, ili siku likivuja maji yatokee sakafuni uyaone.