Jinsi ya Kuorodhesha Anwani za Violesura vya Mtandao kutoka Ndani ya Programu

Tuchukue mfano wa programu ya mauzo ya duka. Kompyuta moja imewekwa stoo na kuhifadhi bei na bidhaa, na mashine za keshia huunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani. Mwenye duka anataka programu hiyo, kila inapowashwa, imwonyeshe kwenye skrini anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta hiyo mtandaoni, atakayoiandika katika mashine za keshia. Kazi yenyewe inaonekana ndogo mno, lakini swali ambalo wengi huanza nalo, yaani “anwani ya kompyuta hii ni ipi?”, lina kasoro. Anwani huwekwa kwenye kiolesura cha mtandao, yaani mlango ambao kompyuta huutumia kuingia mtandaoni, na kompyuta moja ina violesura kadhaa: cha waya, cha Wi-Fi, cha simu iliyochomekwa kwa USB ili kugawa intaneti, cha VPN (njia ya siri inayopitishwa juu ya intaneti), na kile cha ndani kabisa kiitwacho lo, cha kompyuta kuwasiliana na yenyewe tu, ambacho hubeba 127.0.0.1. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwa na anwani zaidi ya moja, au kukosa anwani kabisa.

Kabla ya kuonyesha njia sahihi, nitaje mbili za kuepuka. Ya kwanza ni kuchukua jina la kompyuta na kulitafutia anwani. Katika Debian na mifumo iliyotokana nayo, faili la /etc/hosts kwa kawaida hulipa jina la kompyuta anwani ya 127.0.1.1, kwa hiyo programu itatangaza anwani ambayo hakuna mashine nyingine inayoweza kuifikia, na keshia atahangaika asubuhi nzima akidhani waya umekatika. Ya pili ni kuendesha amri ya ifconfig au ip kutoka ndani ya programu na kuchambua maandishi yake. Maandishi hayo yaliandikwa yasomwe na binadamu. Mpangilio wake hutofautiana kati ya toleo na toleo, na kompyuta nyingi za Linux za siku hizi hazina ifconfig mpaka uisakinishe mwenyewe.

Njia inayostahili ni kuuliza kiini cha mfumo endeshi moja kwa moja. Kwa lugha ya C, katika Linux, macOS na mifumo ya BSD, fanksheni ya kufanya hivyo ni getifaddrs. Haimo katika POSIX, yaani viwango vya mifumo ya jamii ya Unix, lakini imeenea kiasi kwamba mwandishi wa programu anaweza kuitegemea. Katika Android ipo kuanzia kiwango cha API 24. Fanksheni hii huunda orodha ya mnyororo, ambamo kila pingili hubeba jina la kiolesura, alama za hali yake, anwani moja, maski ya mtandao, na kielekezi cha pingili inayofuata. Kiolesura chenye anwani tatu, basi, kitatokea katika pingili tatu zenye jina lilelile.

```c
#include <stdio.h>
#include <ifaddrs.h>
#include <net/if.h>
#include <netdb.h>
#include <netinet/in.h>
#include <sys/socket.h>

int main(void)
{
    struct ifaddrs *orodha, *p;
    char anwani[NI_MAXHOST];

    if (getifaddrs(&orodha) == -1) {
        perror("getifaddrs");
        return 1;
    }

    for (p = orodha; p != NULL; p = p->ifa_next) {
        socklen_t urefu;
        int kosa;

        if (p->ifa_addr == NULL)
            continue;

        if (p->ifa_addr->sa_family == AF_INET)
            urefu = sizeof(struct sockaddr_in);
        else if (p->ifa_addr->sa_family == AF_INET6)
            urefu = sizeof(struct sockaddr_in6);
        else
            continue;

        if (!(p->ifa_flags & IFF_UP) || (p->ifa_flags & IFF_LOOPBACK))
            continue;

        kosa = getnameinfo(p->ifa_addr, urefu, anwani, sizeof anwani,
                           NULL, 0, NI_NUMERICHOST);
        if (kosa != 0) {
            fprintf(stderr, "%s: %s\n", p->ifa_name, gai_strerror(kosa));
            continue;
        }
        printf("%-12s %s\n", p->ifa_name, anwani);
    }

    freeifaddrs(orodha);
    return 0;
}
```

Hifadhi maandishi hayo katika faili la anwani.c, kisha uyakusanye kwa amri ya `cc anwani.c -o anwani`. Ukiilazimisha kompaila ifuate kiwango cha C pekee, kwa mfano kwa kuiongezea `-std=c11`, glibc, maktaba ya C ya Linux, itaficha NI_MAXHOST na alama za IFF, na itakubidi uandike `#define _DEFAULT_SOURCE` juu ya kila kitu kingine.

Mstari unaochunguza kama ifa_addr ni NULL usiuondoe hata kama programu inafanya kazi vizuri bila huo kwenye kompyuta yako. Kiolesura kisicho na anwani, kama baadhi ya vile vinavyoundwa na VPN, huja na kielekezi kitupu, na programu isiyochunguza itaanguka siku ya kwanza itakapokutana nacho. Siku hiyo, kwa uzoefu wangu, huwa ni siku ambayo programu imeshapelekwa kwa mteja. Uchunguzi wa aina ya anwani nao una sababu yake. Katika Linux orodha huwa pia na pingili za AF_PACKET, ambazo hubeba anwani ya MAC, yaani namba ya kadi yenyewe, na katika macOS na BSD kazi hiyo hufanywa na AF_LINK. Kuzisoma pingili hizo kana kwamba ni IPv4 kutakupa namba zinazofanana na anwani lakini zisizo na maana yoyote.

Getnameinfo imepewa alama ya NI_NUMERICHOST ili igeuze anwani kuwa namba tu. Bila alama hiyo itaanza kutafuta majina kupitia DNS, huduma ya majina ya mtandao, na katika duka lenye intaneti ya kusuasua, programu inaweza kusimama kwa sekunde kadhaa kwa kila anwani. Faida yake nyingine ni kwamba anwani za IPv6 zinazoanza na fe80 huandikwa pamoja na jina la kiolesura baada ya alama ya asilimia, mfano `%enp3s0`. Anwani hizo hutumika ndani ya kipande kimoja tu cha mtandao, kwa hiyo bila jina hilo mfumo haujui zitoke kupitia mlango upi. Mwishowe, orodha nzima iachiliwe kwa freeifaddrs mara moja. Usijaribu kufuta pingili mojamoja kwa free.

Kwenye kompyuta yenye Docker, inayoendesha programu ndani ya vyumba vilivyotengwa viitwavyo kontena, matokeo yanaweza kuwa hivi:

```
enp3s0       192.168.1.20
docker0      172.17.0.1
enp3s0       fe80::5054:ff:fe12:3456%enp3s0
```

Hapa ndipo palipo na kazi yenyewe, kwa sababu kupata orodha ni rahisi kuliko kuchagua. Anwani ya docker0 ni halali, lakini mashine ya keshia haiwezi kuitumia. Ukiongeza sharti la IFF_RUNNING, kiolesura hicho kitaachwa wakati hakuna kontena linaloendeshwa, ila kitarudi mara kontena likiwashwa. Kuchuja kwa majina nako ni mtego: kadi ya waya inaweza kuitwa eth0 kwenye kompyuta moja na enp3s0 kwenye nyingine, na simu iliyochomekwa kwa USB huweza kujitokeza kwa jina ambalo hukulitarajia. Anwani za 169.254 zinaonyesha kwa kawaida kwamba kompyuta haikupata jibu kutoka kwa DHCP, huduma inayogawa anwani mtandaoni, kwa hiyo ni bora kuzionyesha pamoja na onyo kuliko kuzificha. Usitegemee pia mfuatano wa pingili, wala usichukue ya kwanza kwa kuwa tu ni ya kwanza.

Ikiwa unachotaka ni anwani moja tu, ile ambayo kompyuta ingeitumia kutoka nje, kuna njia fupi ambayo mimi huipenda. Hii hapa kwa Python:

```python
import socket

s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
try:
    s.connect(("192.0.2.1", 9))
    print(s.getsockname()[0])
except OSError as kosa:
    print("Hakuna njia ya kutoka:", kosa)
finally:
    s.close()
```

Soketi ya UDP inapounganishwa haitumi pakiti yoyote. Kiini hutazama tu jedwali la njia na kuchagua anwani ya kutokea. Anwani ya 192.0.2.1 iko katika kundi lililotengwa kwa ajili ya mifano ya maandishi, kwa hiyo husumbui seva ya mtu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mtandao wa duka usio na rauta ya kutokea nje utakupa kosa ilhali mashine za keshia zinawasiliana vizuri. Vilevile, VPN ikiwa imewashwa, jibu linaweza kuwa anwani ya VPN. Kwa orodha kamili katika Python, sakinisha moduli ya psutil na utumie `psutil.net_if_addrs()`, kwa kuwa `socket.if_nameindex()` ya maktaba ya kawaida hutoa majina na namba za violesura bila anwani. Katika Go kuna `net.Interfaces()`.

Windows haina getifaddrs. Fanksheni yake ni GetAdaptersAddresses, na programu huunganishwa na iphlpapi.lib. Wewe ndiwe unayeipa nafasi ya kumbukumbu. Microsoft inashauri kuanza na kilobaiti 15, na ikirudisha ERROR_BUFFER_OVERFLOW, ongeza nafasi hadi kiasi ilichokuandikia kisha uiite tena.

Hakuna hata moja kati ya njia hizi itakayokupa anwani ambayo intaneti inaiona. Anwani za 10, za 172.16 hadi 172.31 na za 192.168 ni za ndani, na rauta huzibadilisha zinapotoka. Kampuni ya simu nayo huweza kuzibadilisha mara ya pili kwa kutumia kundi la 100.64.0.0/10. Anwani ya nje inaweza kusomwa kwenye rauta, kama haibadilishwi tena mbele yake, au kuulizwa kwa seva iliyo nje.

Kwa duka letu, ningeiacha programu isikilize kwenye 0.0.0.0, yaani kwenye violesura vyote, na orodha ya anwani ningeitumia kwa kumwonyesha mwenye duka tu, kila moja pamoja na jina la kiolesura chake. Orodha hiyo isomwe upya kila skrini ya mipangilio inapofunguliwa, kwa kuwa DHCP inaweza kubadilisha anwani rauta ikizimwa na kuwashwa. Programu inayohitaji kujua mabadiliko papo hapo itasikiliza soketi ya netlink, ambayo kiini hutangazia mabadiliko ya mtandao, katika Linux, au itajiandikisha kwa NotifyUnicastIpAddressChange katika Windows.