Kuiweka Sawa Randa kwa Miti Migumu ya Lamu

Ubao wa mbambakofi ukipigwa randa isiyowekwa sawa, nyuzi zake hunyofoka na kuacha vishimo ambavyo msasa hauviondoi kwa urahisi, na ikiwa ubao huo ni wa mfaa, yaani mhimili wa katikati wa mlango, ambapo mchongaji atapitisha patasi yake baadaye, kila kishimo huonekana katikati ya nakshi. Baadhi ya mafundi wakiona hivyo husema kwamba mti ni mbaya au kwamba randa ni ya bei rahisi. Kwa maoni yangu, mara nyingi kosa huwa kwenye kisu na kifuniko chake, yaani bamba la chuma linalofungwa juu ya kisu, na vyote viwili hurekebishwa kwa asubuhi moja bila kununua chochote.

Maelezo haya yanahusu randa ya chuma ya mtindo wa Leonard Bailey wa Marekani, ambaye hataza zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869, na ambayo kisu chake hulala kwa digrii 45. Mwenye randa ya mti iliyokazwa kwa kabari atanoa vivyo hivyo, isipokuwa kina cha kisu atakirekebisha kwa kugonga taratibu kwa nyundo.

Anza kwa kukitoa kisu na kukitenganisha na kifuniko chake. Kabla ya kugusa mteremko wa makali, laza upande wa pili, ule ulio bapa, juu ya kinoo na uusugue mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae yote. Milimita chache zinatosha, na hakuna haja ya kusugua kisu kizima. Wengi huiruka hatua hii. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili hukutana, kwa hiyo uso mmoja ukiwa na mikwaruzo, makali nayo huwa na mapengo hata kama mteremko umenolewa siku nzima. Kinoo chenyewe nacho kikaguliwe, kwa sababu kilichobonyea katikati hukipa kisu tumbo. Kisugue juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene mpaka kilingane.

Mteremko uchongwe kwa digrii 25, kisha ncha yake inolewe kwa digrii 30 hivi, mpaka utakapohisi kwa kidole ukingo mwembamba uliojikunja kuelekea upande bapa. Uondoe ukingo huo kwa kulaza upande bapa kwenye kinoo laini, kisha umalizie kwa ngozi. Ukinoa, kandamiza zaidi kidogo kwenye pembe mbili za kisu ili ziwe chini ya katikati kwa unywele tu, kwani pembe kali huacha mistari kwenye ubao.

Kifuniko ndicho kinachoamua kama mti utanyofoka. Kazi yake ni kulikunja randa linalotoka, yaani ukanda mwembamba wa mti unaokatwa na kisu, kabla halijatangulia mbele ya makali na kuzing'oa nyuzi kutoka ndani. Kifunge kwenye kisu, ukiinue kuelekea dirishani, na mwanga ukipenya katikati yao, sugua ukingo wa kifuniko mpaka mwanga usipite, la sivyo maranda yatajipenyeza hapo na kuziba mdomo, yaani upenyo ulio chini ya randa ambamo kisu hutokeza. Kwa kazi ya kupunguza ubao, weka umbali wa milimita moja hadi mbili kati ya ukingo wa kifuniko na makali. Kwa mti wenye nyuzi zinazokwenda huku na huku, sogeza mpaka umbali huo uwe chini ya nusu milimita; mkono utahisi uzito zaidi, lakini vishimo vitapungua.

Uso wa chini wa randa hauhitaji kuwa kioo. Kinachotakiwa ni kwamba ncha ya mbele, sehemu iliyo mbele kidogo ya mdomo, na ncha ya nyuma ziguse rula ya chuma kwa pamoja. Ukilazimika kuusugua kwenye msasa, kisu kiwe kimefungwa ndani lakini kimerudishwa nyuma, kwa kuwa mkazo wake hupinda chuma kidogo.

Ubao ukiwa umebanwa kwenye jiliwa, tazama ubavuni mwake nyuzi zinapanda kuelekea wapi, na usukume randa kuelekea huko. Lamu hakuna asiyejua paka akipapaswa kinyume hufanya nini. Anza kisu kikiwa hakigusi, kisha kishushe kidogo kidogo mpaka randa jembamba litoke, na mzunguko wa mwisho wa skrubu uwe wa kushusha, ili kisu kisirudi nyuma kazini. Mwanzoni mwa ubao kandamiza mkono wa mbele, mwishoni wa nyuma.

Mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake vinavyong'oa makali ghafla, basi noa mara kwa mara, na ufunike pua kwa sababu vumbi lake huwasha.

Siku moja niliacha randa yangu barazani karibu na ufuo usiku mmoja tu, na asubuhi uso wake ulikuwa mwekundu kwa kutu. Tangu hapo, kazi ikiisha, huifuta kwa kitambaa kikavu, huipaka mafuta ya nazi kwa safu nyembamba, na kuirudisha kwenye sanduku. Kabla ya kuitumia tena huyafuta mafuta hayo na kupitisha mshumaa chini yake ili iteleze.