Umepewa usupavaiza na hujawahi kuongoza mtu? Anzia hapa

Huku Mtwara korosho zikianza kuingia maghalani, Oktoba hivi, kila mwaka kuna vijana wanapandishwa cheo ghafla, jana alikuwa karani wa mizani leo anaambiwa wewe ndo msimamizi wa zamu. Anapewa rejista, funguo na namba ya bosi, basi. Hakuna anayemwambia kwamba kuanzia leo kazi yake sio magunia tena, kazi yake ni watu. Mi nimepita humo humo na niliumiza watu bila sababu, kwa hiyo naandika vile ambavyo ningetamani mtu angenieleza mapema. Na hata kama uko benki, dukani au kiwandani, mambo ni yale yale.

Watu wanasema uongozi mtu anazaliwa nao. Sikubali. Unajifunza kama ulivyojifunza kusoma mizani, unafanya unakosea unarudia, na sehemu kubwa iko kwenye maongezi ya dakika 2 au 3 tu.

Anza na salamu, nina maana kabisa. Una miaka 27, chini yako kuna mzee wa miaka 55 ambaye yuko maghalani tangu stakabadhi ghalani (ule mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti mpaka yauzwe mnadani) ilipoanza huku kwetu mwaka 2007. Ukifika asubuhi neno la kwanza ni "mbona haya magunia bado yapo hapa", huyo umeshampoteza siku nzima, kazi atafanya lakini akili yake hakupi. Shikamoo baba, mmeamkaje, nyumbani wazima? Akishajibu ndo uingie kwenye kazi. Cheo hakipungui kwa shikamoo. Alafu muulize badala ya kumtuma tu: "Baba, malori matatu yanaingia saa 4 na mlango wa nyuma umejaa, wewe ungeyapangaje?" Mara nyingi atakupa njia ambayo hukuiona, na ukiamua tofauti na alivyosema mwambie kwa nini, asije akaona umemuuliza kwa kumzuga.

Sasa tuje kwenye kumrekebisha mtu aliyekosea, hapa ndo wengi tunaharibu. Msimu wangu wa kwanza nilimkuta kijana wa sampuli anachoma bambo (kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli kwenye gunia) magunia ya mbele tu, ya nyuma anajaza vipimo kwa kukisia. Nikafoka pale pale mbele ya makuli na madereva, watu wakacheka, yeye kimya. Nikajiona nimeonyesha msimamo. Wiki iliyofuata kuna magunia yalilowa mvua wakati wa kushusha yakapangwa katikati ya mengine makavu, na watu karibu wote wa zamu walijua, hakuna aliyeniambia mpaka tukaanza kusikia harufu ya ukungu. Nilipouliza kwa nini mmekaa kimya, kuli mmoja akanijibu taratibu tu, "bosi, wewe ukiletewa habari mbaya unafoka." Sikulala vizuri siku ile.

Tangu hapo nafanya hivi. Namwita pembeni siku ile ile, ila nikiwa nimeshapoa. Nasema nilichokiona kwa macho, sisemi yeye ni mtu wa namna gani, yaani sio "wewe mvivu", ni "haya magunia 40 ya nyuma hayana alama ya bambo lakini kwenye karatasi umeandika unyevu asilimia 9". Alafu nasema inamuumiza nani: kuna mkulima Tandahimba anasubiri hela ya mnada, mzigo ukiota ukungu mnunuzi atalalamika na chama chake cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kwao, kitachafuka jina. Baada ya hapo nauliza "ilikuwaje?" na nanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu kuliko yote, ulimi unawasha, hesabu mpaka 10 moyoni usimjazie maneno.

Yule kijana nilirudi kwake nikamwomba radhi, tena mbele ya wale wale waliomcheka, ndo nikamuuliza ilikuwaje. Akanipeleka nyuma akanionyesha, magunia yamebanwa mpaka ukutani hakuna hata pa kupitisha bega, angechomaje? Na aliyesema yabanwe ili nafasi itoshe ni mimi. Tukahamisha, tukaacha njia pande zote, tukakubaliana Ijumaa tukague pamoja. Ukishakubaliana na mtu weka siku ya kuangalia, bila siku yale ni maongezi tu.

Sifa fanya kinyume chake, msifie mtu mbele ya watu na utaje kitu chenyewe, "umefanya vizuri" peke yake haina uzito.

Kikao cha asubuhi kiwe dakika 10 mkiwa mmesimama: jana kimebaki nini, leo kinaingia nini, nani amekwama wapi. Wewe ongea mwisho, ukianza wewe wengine wote watakubaliana na wewe. Na tafadhali usimgombeze mtu kwenye grupu la WhatsApp, ile meseji itasomwa na mkewe pia.

Bosi wako wa juu naye mpe habari mbaya mapema, na uende na pendekezo mkononi.

Mazoezi yake: chagua kitu kimoja kwa mwezi, mwezi huu kusikiliza, ujao kugawa kazi na kumwachia mtu aamue mwenyewe. Uwe na daftari, jioni andika maongezi mamoja ya siku hiyo, ulisema nini, akajibu nini, kesho ungesemaje. Na kila mwisho wa mwezi muulize mtu mmoja wa timu yako, "nikiacha kitu gani kimoja kazi yako itakuwa nyepesi?" Akijibu usijitetee, sema asante. Mara ya kwanza mzee wangu alinijibu "hamna kitu bosi". Ya pili vile vile. Ya tatu akavuta pumzi akasema, "unatutuma vitu vitatu kwa mpigo, alafu hata hatujamaliza cha kwanza unakuja kuulizia cha tatu." Siku hizi natuma kimoja, nasubiri kiishe.