Namna ya Kuamua Hatima ya Gari la Zamani Usiloweza Kuachana Nalo

Anayeshindwa kuuza gari lake la zamani hastahili kuchekwa, kwa kuwa kinachomshika mara nyingi si bati wala injini, bali ni kiti alichokalia marehemu baba yake, au siku mtoto alipoletwa nyumbani mara ya kwanza akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma. Hasara huanza gari linapoachwa uani likingojea matengenezo yasiyo na tarehe, kwani gari lililosimama huharibika kimyakimya huku mwenyewe akiamini kwamba analihifadhi.

Kwanza keti ndani yake, peke yako, ujiulize ni kitu gani hasa unachoogopa kukipoteza. Ikiwa ni kumbukumbu, lipige picha na urekodi muungurumo wa injini ikiwaka. Sauti hiyo husahaulika upesi kuliko sura ya gari.

Kisha mwite fundi asiyekuwa na mapenzi na gari hilo, alipandishe na kulikagua chini. Injini iliyochoka hufunguliwa ikafanyiwa ukarabati, lakini kutu iliyokula chesisi, sakafu na kingo za chini ya milango inaweza kumeza fedha kuliko thamani ya gari lenyewe. Uliza pia kuhusu vipuri: Volkswagen Beetle, ambayo ilitengenezwa hadi mwaka 2003 na kupita magari milioni 21, bado ina vipuri vingi, ilhali gari lililotoka kwa idadi ndogo huenda likahitaji vipuri vya kuchongesha.

Ukiamua kubaki nalo, liendeshe. Irv Gordon, mwalimu wa Marekani, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 na kufikia mwaka 2013 alikuwa amekwenda nayo maili milioni 3, akibadilisha oili na kufanya matengenezo kwa wakati. Wewe huhitaji safari kama hizo. Nusu saa barabarani kila baada ya wiki mbili hutosha kuipa oili joto la kukausha unyevu. Kuliwasha kwa dakika tano hapohapo lilipo, kama wengi wetu tunavyofanya kwa nia njema, huacha maji ndani ya ekzosi na hakuijazi betri ipasavyo.

Ikilazimu lisimame kwa miezi, chomoa betri, jaza upepo kwenye matairi, weka vigingi kwenye magurudumu badala ya kuvuta breki ya mkono inayoweza kuganda, na ulifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, kwa sababu nailoni hufungia unyevu. Petroli ya zamani huacha utando kwenye kabureta, na mafuta ya breki hunyonya maji, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea.

Fundi akisema halifai, au wewe mwenyewe ukiona huna muda, mtafute mtu atakayeliendesha kabla ya kumfikiria atakayelikata vipande. Mkabidhi kumbukumbu zote za matengenezo, umweleze tabia zake: gia inayokataa asubuhi, mlango unaohitaji kunyanyuliwa kidogo ndipo ufunge. Halafu, kabla ya kutoa funguo, lipakie wale waliokuwa wakipanda nalo, mwende njia mliyoizoea, na aendeshe yule ambaye hakuwahi kuruhusiwa.