Namna ya Kumfundisha Mwanafunzi Mwenye Ualbino Katika Darasa la Kawaida

Mwanafunzi mwenye ualbino anapopokelewa katika shule ya msingi ya kawaida, walimu wengi huanza na kofia, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, na hawakosei, kwa kuwa ngozi yake haina melanini, yaani rangi ya asili ya mwili, ya kutosha kuikinga na mionzi. Lakini kinachomchelewesha katika masomo mara nyingi ni macho. Upungufu huohuo wa melanini huathiri ukuaji wa retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, tangu tumboni, ndiyo maana miwani humsaidia kwa kiasi tu.

Anza na mahali pa kuketi. Dawati la mbele linafaa, ila lisielekee dirishani, kwani mwanga mkali humuumiza. Mpe nafasi ya kujaribu sehemu kadhaa, kisha achague mwenyewe. Macho ya wengi wao huchezacheza bila kukusudia, na mtoto hugundua pembe fulani ya kichwa ambayo yanatulia zaidi. Kwa hiyo ukimwona ameinamisha shingo au anakutazama kwa upande, usimwambie akae vizuri, maana hapo ndipo anapoona. Vilevile usimkataze kusogeza kitabu hadi karibu na pua. Kusoma hivyo hakumharibu macho.

Ubao ndio penye ugumu mkubwa, kwa sababu hata akiwa dawati la mbele huenda asiyasome maandishi yako. Mruhusu ausogelee wakati wowote bila kuomba ruhusa, na ulieleze darasa utaratibu huo mapema ili asizomewe. Soma kwa sauti kila unachoandika, na badala ya kusema "hii ukijumlisha na ile", sema "saba ukijumlisha na tano". Lililo bora zaidi ni kumpa maelezo ya ubaoni yakiwa yameandikwa kwenye karatasi kwa wino mweusi mzito. Mwalimu mwenye darasa lililofurika ataiona kazi hii kuwa nzito, na ni nzito kweli, lakini maelezo hayo yakitunzwa yatamfaa kila mwanafunzi mwenye uoni hafifu atakayefuata. Wengi huona njia rahisi ni kumkalisha na mwenzake amsomee. Huo ni msaada wa dharura tu, kwa sababu mwenzake naye ana kazi yake ya kunakili, na hakuna mtoto anayepaswa kusubiri huruma ya mtoto mwingine ili asome.

Kwa vitabu, maandishi ya pointi 18 au zaidi huwafaa wengi. Ukurasa wa A4 unaweza kukuzwa kwa mashine ya kutolea nakala hadi A3.

Suala la mitihani lisisubiri darasa la saba. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, kwa hiyo mwalimu mkuu ahakikishe hali ya mwanafunzi imeelezwa wakati wa usajili, na majaribio ya shuleni yatolewe kwa maandishi hayohayo, pamoja na muda wa ziada, ili siku ya mtihani asikutane na jambo geni.

Hatimaye, wahimize wazazi wampeleke kwa mtaalamu wa macho mara kwa mara. Waandikie barua fupi inayoeleza anasoma herufi za ukubwa gani na kwa umbali gani, maana taarifa hizo humsaidia mtaalamu kuchagua lenzi ya kukuzia inayomfaa.